Jicho Lililobaki

Mume wangu wanamwita Chongo, naye huitika bila kinyongo. Ni fundi umeme wa magari, na jicho lake la kushoto lilichukuliwa na betri. Miaka minane iliyopita alichomoa waya wa betri injini ikinguruma, aone kama dainamo inaweza kuliendesha gari peke yake. Ikaruka cheche moja tu, ikawasha gesi ya betri, betri ikapasuka, tindikali ikamwingia. Kipimo hicho alifundishwa na kaka yake. Kaka mtu hadi leo anaamini betri ilikuwa mbovu, maana mume wangu hakutaka kumbebesha lawama. Mimi niliuona upole huo ni upuuzi, ila nilinyamaza.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwoga, na sioni haya kusema. Niliacha cherehani yangu nikahamia gereji. Husimama kushoto kwake, upande asiouona, namshikia taa na kumwambia, "Spana hiyo hapo," au, "Angalia feni." Wenzake hunitania kwamba Chongo ana kioo cha pembeni kinachovaa gauni. Nacheka nao, lakini kila boneti ikifunguliwa roho huwa juu juu.

Wiki iliyopita shemeji, huyo huyo kaka mtu, alileta gari la marehemu baba yao, kuukuu lakini limepigwa rangi likang'aa. Taa nyekundu ya chaji haikuwa ikizimika, na kila asubuhi lilitaka kusukumwa. Mume wangu alianza taratibu kama kawaida yake. Akabonyeza feni belti kwa kidole gumba: imekaza vizuri. Akasugua vichwa vya betri, akarudisha nyaya bila kuzikaza. Akaweka mita kwenye betri nikamsomea: volti kumi na mbili, na hata mafuta yalipokanyagwa haikupanda. Akaipima dainamo yenyewe, akaikuta nzima. Ikabaki regyuleta, kile kisanduku kinachoamua umeme kiasi gani uende kwenye betri. Platini zake, vile vichuma vinavyogusana kupitisha umeme, zilikuwa zimeungua, akazipiga msasa.

Gari likawashwa tena, taa ya chaji ikazimika. Shemeji alipiga makofi kama aliyefunga bao. Mume wangu akainamia dainamo kusikiliza beringi, uso wake shubiri chache tu kutoka kwenye betri. Mimi nilikuwa natazama mita. Kumi na nne, sawa. Kumi na tano. Baada ya dakika kadhaa, kumi na saba: regyuleta haizuii tena. Ndipo nikaisikia betri ikitokota, na harufu ya mayai viza ikanipanda puani. Harufu ile naijua. Nililala nayo hospitalini, kwenye shati lake.

"Zimeni gari! Betri inachemka!"

"Kaka, zima!" mume wangu akasema, kabla hata hajainuka.

"Ngoja kwanza, mdogo wangu," shemeji akajibu. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika waya wa betri. "Nichomoe hii mara moja, tuone kama dainamo inabeba."

Sikumbuki nilivyoruka. Nakumbuka nimemkumbatia mume wangu kichwa, nimemziba jicho kwa kiganja, nimefumba yangu. Nikaisikia cheche ikilia. Nikausubiri mlipuko.

Haukuja. Shemeji aliuachia waya, akakimbilia ufunguo, injini ikanyamaza.

"Nyie nanyi mna woga!" alisema akipuliza vidole. "Mbona hakuna kilicholipuka?"

Nilikuwa bado nimemng'ang'ania mume wangu, nahema, namshukuru Mungu kwamba angalau safari hii niliwahi. Akanishika kifundo cha mkono, akautoa usoni kwake polepole.

"Mama watoto," akasema, "umeziba hili."

Nikatazama. Nilikuwa nimesimama kushoto kwake, kama siku zote, na kiganja changu kilikuwa juu ya jicho lililokufa. Lile zima lilikuwa wazi muda wote, likinitazama mimi.