Kurasa Nilizoruka Karibu na Dirisha

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Mwaya watu wakinikuta njiani huuliza kuna msiba kwa nani. Ziwa liko karibu, na mara ya mwisho kulifikia nilikuwa namtafuta mbuzi. Masika haya jirani yetu mwalimu, mtu wa Tanga, aliniazima vitabu viwili. Anaamini iko siku kitabu kitanichomoa kibarazani.

Cha kwanza ni riwaya. Mjane anauza chakula stesheni, na mkuu wa stesheni anakuja kula kila siku na kulalamikia chumvi. Treni sijawahi kupanda, lakini nilijikuta naisubiri. Nilichokipenda zaidi ni kwamba yule bwana halalamikii chumvi hata kidogo, analalamikia upweke, na mwandishi hakwambii. Ningekuwa mimi ningelisema ukurasa wa pili, na wa tatu nikarudia kwa wasiosikia.

Huwa nasoma kwa sauti. Kidato cha nne kilinipa vitu viwili: sauti hiyo, na cheti ambacho panya wamekipitia kuliko mwajiri yeyote. Mke wangu hunisikiliza akichagua mchele. Safari hii, nyuma ya dirisha la jiko, alikuwapo msikilizaji mwingine: mkamwana wetu, mke wa mwanangu, aliyekuja kujifungulia kwetu. Jumamosi ya wiki iliyofuata mumewe angekuja kumchukua.

Sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Siku hizi wengi wamelegeza. Nyumbani kwetu tumeshika, yeye kwa adabu, mimi kwa uvivu wa kubadilika. Nikikaribia kona ya nyumba nakohoa, naye anapitia migombani. Mwalimu aliwahi kuniletea dawa ya kifua.

Basi mjane na mkuu wa stesheni wakafika mahali pa kufunga mlango. Nikayaona maneno yanayokuja. Nikalitazama dirisha. Mambo yale baba mkwe hawezi kuyatamka mkamwana akiwa anasikia, hata yawe yameandikwa vizuri namna gani. Nikafunua kurasa kadhaa na kuendelea: mtoto wao wa pili anaanza shule.

Mke wangu akaacha mchele. "Wa pili? Wa kwanza kazaliwa lini?"

"Mwandishi kafupisha."

"Huyuhuyu aliyechemsha maharage jana tangu asubuhi mpaka jioni? Leo watoto wawili kwa mkupuo?"

Jikoni mwiko ulianguka, na mtu akacheka ndani ya kanga.

Baadaye mke wangu akaniletea ujumbe. "Mwenzangu wa jikoni anasema Jumamosi anaondoka, na huko aendako hakuna wa kumsomea wala wa kumwazima. Anataka kitabu kizima. Anauliza kama baba anasoma au anaruka madimbwi."

"Kasema hivyo?"

"Kasema kwa heshima. Madimbwi nimeongeza mimi."

Nikakiweka kitabu dirishani, nikakohoa, nikaenda kuwatazama kuku, ambao hawakuwa na shida yoyote. Kesho yake nikaletewa hukumu: kwenye kurasa nilizoruka ndipo mkuu wa stesheni anapoacha kulalamikia chumvi. Nilirudi kuhakikisha. Kweli bwana. Tangu ule mlango ufungwe, chumvi haitajwi tena. Riwaya nzima inaning'inia pale, na mimi nilikuwa nimeikata kamba.

Cha pili ni kumbukumbu za mkunga mstaafu. Wengi wakiandika maisha yao huanza na kuzaliwa kwao, kama vile dunia ilikuwa imekaa inawasubiri. Huyu anaanza na mbwa wa jirani. Hajisifu, na anakosea mbele ya macho yako bila kukuomba umhurumie. Tulikwenda nacho wiki nzima bila kuruka hata koma.

Ijumaa tukafika sura ya mwisho. Mkunga anakumbuka alivyoondoka kwao akiwa bibi harusi. Baba yake, mtu asiyemsindikiza yeyote, anamfuata kwa mbali amebeba mtungi wa bintiye. Hapo nikaupoteza mstari. Nikakohoa.

Nikasikia kanga zinaelekea mlango wa nyuma. Maskini, alidhani napita konani.

"Mwambie asiondoke," nikamwambia mke wangu. "Hiki si kikohozi cha kona. Vumbi limeniingia machoni."

"Vumbi, masika haya?" Akakichukua kitabu mkononi mwangu, akakipitisha dirishani.

Akasoma mkamwana. Miezi yote ile sikuwahi kuisikia sauti yake ikienda mbali kuliko salamu ya kwa mama mkwe. Alisoma taratibu, akisimama penye nukta kama mtu anayebisha hodi. Baba akautua mtungi njiani. Akafuta kamasi kwa mkono wa shati, hapo mimi ningeruka. Akageuka bila kuaga. Mwisho.

Kisha, kwa mama mkwe wake lakini kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie baba, sijaruka kitu. Ndaga." Ndio asante ya kwetu.

Jumamosi walitangulia, mwanangu na begi, yeye na mtoto mgongoni. Kapu la mchele wao lilikuwa limebaki mlangoni. Nikalibeba, nikawafuata kwa mbali mpaka barabarani, nikalitua, nikakohoa, nikageuka.

Wakati wa kurudi kila niliyekutana naye aliniuliza kuna msiba kwa nani. Nikawajibu hakuna, nilikuwa namalizia kitabu.