Zimanyota Anashuka Mawinguni

Swali lililoninyima usingizi mwaka wangu wa kwanza kazini lilikuwa hili: je, mwenye kuja kuangamiza ulimwengu aruhusiwe kushuka kutoka mawinguni? Kijana wa leo atacheka. Wakati ule, kila jioni kabla ya habari za televisheni, uso wa Rais ulitokea katikati ya mawingu na kutujia. Nchi nzima iliyajua mawingu hayo.

Nilianza kazi katika matbaa moja ndogo katikati ya mji wa Lubumbashi. Nilifika na diploma ya chuo kikuu ndani ya bahasha, shati nimelifunga hadi kifungo cha juu, maana tai ya shingoni ilikuwa imepigwa marufuku. Mkuu wa matbaa, ambaye kama desturi ya siku zile, kila mtu akiitwa "mwananchi" kwa Kifaransa, tulimwita Sitwayeni Mkurugenzi, hakuifungua bahasha.

"Unajua Kifaransa?"

"Ndiyo, Sitwayeni Mkurugenzi."

"Na Kiswahili ya ku cité, ya mu mitaa?"

"Njo nilizaliwa nayo."

"Bon. Ikala pale," akanionyesha kiti kitupu.

Matbaa ilinunua filamu za kuchapia, yaani plastiki angavu zenye kurasa za vitabu vya picha vya zamani, kutoka ng'ambo, ikavichapa upya kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi na watoto wao. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri maneno ya ndani ya viputo, yaani yale maduara meupe yanayotoka vinywani mwa wahusika. Baada yangu alifuata Baba Salumu, mwandishi wa herufi, mtu mzima ambaye wazee wake walitoka Maniema. Alikwangua Kifaransa kwenye filamu kwa wembe, kisha akaandika Kiswahili kwa wino mweusi juu ya karatasi ya kalki, ile nyembamba inayopitisha mwanga. Maneno yakizidi, alipanua kiputo na kufunika sehemu ya picha. Wasomaji wetu walizoea mashujaa waliokosa kiwiko.

"Kiswahili yako iko na tumbo, mwana," aliniambia siku moja. "Leo imekula mukono muzima ya shujaa."

Nilianza na hadithi za wanyama wachekeshaji. Baadaye nilihamishiwa mashujaa wenye nguvu za ajabu, na hapo nikakutana na maadui wa mwisho wa dunia. Mmoja alipima sayari kwenye mizani na kuvunja zile nyepesi. Mwingine alikuwa mashine iliyosahau ni nani aliyeiunda. Mkubwa wao alikuwa Zimanyota, jina nililompa mimi. Huyu alitaka kimya. Nyota yoyote iliyotoa sauti aliizima kama mtu anayezima taa chumbani, bila chuki, kisha akaendelea na safari.

Katika toleo la mwisho Zimanyota anafika duniani. Picha inajaza ukurasa mzima: mawingu yanapasuka, uso wake unatokea katikati, mkubwa, mtulivu, ukimtazama msomaji.

Sitwayeni Mkurugenzi aliishika karatasi ya majaribio, ile inayokaguliwa kabla ya kuchapa.

"Mawingu," akasema.

"Ndiyo, Sitwayeni Mkurugenzi."

"Mi sikuone kintu. Mi naenda ku hoteli Karavia. Weye njo utatia bon."

Bon ilikuwa sahihi inayowekwa kwenye karatasi ya majaribio ili mashine iwashwe. Mtu wa Chama, chama cha Rais, alisoma kazi ikiwa imekwisha kuchapwa, na likitokea neno, aliitwa mwenye sahihi. Aliyekalia kiti changu kabla yangu aliitwa kueleza mzaha mmoja. Kiti kilibaki wazi mpaka nilipokuja mimi.

Baba Salumu alikuwa tayari ameshika wembe. "Tukwangue ile mawingu. Dakika kidogo tu."

"Wakiuliza juu ya nini tumefuta?" nikamwambia. "Mwenye kufuta, njo mwenye aliona."

Aliuweka wembe chini. "Basi kiputo kinene. Tufunike yote. Batu bamezoea."

Nililifikiria hilo pia. Kiputo kikubwa kinataka maneno mengi, hakiwezi kukaa kitupu. Zimanyota angelazimika kutoa hotuba.

"Baba Salumu, nani mwingine anatokaka mu mawingu na kusema maneno murefu?"

Alicheka hadi akalazimika kuisogeza chupa ya wino isimwagike. "We mwana, unawaza mpaka mawazo yenyewe inakuogopa."

Sasa nimestaafu, na nimewasoma tena maadui wale mmoja baada ya mwingine. Nilidhani nitawaona wa kitoto. Kinachonishangaza ni upweke wao. Hakuna hata mmoja mwenye shangazi, jirani, au mtu wa kumwambia kwamba chakula kimepoa. Wachoraji waliwafanya wakubwa kuliko sayari, halafu wakakosa mahali pa kuwalaza. Na karibu wote hushuka kutoka juu, maana huko ndiko kila mchoraji hupata nafasi tupu ya kuchora kitu kikubwa. Aliyeyachora mawingu ya Zimanyota hakuwahi kuiona televisheni yetu. Waliokuwa wakimwona mtu mwingine ndani ya picha ile tulikuwa mimi, na Sitwayeni Mkurugenzi, na bila shaka kila mmoja wetu aliyekaa kimya.

Hayo niliyajua nusu tu siku ile, nimekaa mbele ya karatasi huku fundi wa mashine akiniita mara ya pili. Nilisoma Kifaransa tena. Zimanyota alisema sentensi sita, na zote zilitaka jambo moja. Nilizifuta zote katika tafsiri yangu, nikaandika neno moja, nikampa Baba Salumu.

Alisoma: "Munyamaze."

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu. Kiputo kidogo, pa chini. Mawingu uache. Mwenye atamuona mutu mwingine mule, njo aseme yeye."

Alichovya kalamu, akaandika. Wino ulipokauka, nilitia bon, jina langu lote kwa herufi za kusomeka, nikaipeleka karatasi mwenyewe kwa fundi na kumwambia awashe.