Baba Alivyofanywa Kiongozi wa Mgomo

Baba alipofariki nilikuwa Lodwar, bila kazi, nikikumbuka nyumbani, kama nilivyofanya katika kila mji niliohamia. Nilirudi Sachangwan nikaandika wasifu wake.

Habari ya mgomo ilichukua mistari mitatu. Wakamaji wa shamba la mzungu waligoma, baba hakugoma. Aliniambia mwenyewe: ng'ombe walilia kwa kujaa viwele, akashindwa kuvumilia, akachukua ndoo. Aliyeongoza ni msichana mmoja, ambaye sasa ni shosho, bibi mzee anayeishi mtaa wa Rhonda. Yeye alifukuzwa shambani. Sisi tukabaki, tukaitwa "watu wa ndoo" mpaka nikamaliza shule.

Uchaguzi ulikuwa karibu, basi mheshimiwa, mbunge wetu, akajitolea kutuchapishia wasifu. Ulirudi ukiwa na picha yake, kubwa kuliko ya marehemu, na baba amekuwa "jemedari wa wafanyakazi". Ndoo haikuwemo. Shosho pia hakuwemo.

"Boss, hii si kweli," nilimwambia msaidizi wake.

"Kweli ni ndefu, boss. Kurasa ni nne tu."

Mama akanivuta kando. "Soma hivyo hivyo. Leo tu, wasituite watu wa ndoo."

Nilisimama mbele ya waombolezaji nikasoma vizuri mpaka kwenye neno "jemedari". Shosho alikuwa ameketi mstari wa tatu, mikono juu ya mkongojo, akinitazama. Nikaiweka karatasi chini.

"Baba alikama," nikasema. "Aliyeongoza mgomo ni huyu hapa."

Mama akafunika uso kwa leso.

"Na alikama vibaya!" shosho akapaza sauti. "Ng'ombe mmoja alimpiga teke!"

Watu wakacheka, hata mama. Mheshimiwa aliposhika kipaza sauti hakutetereka hata kidogo. Marehemu, alisema, alibaki ndani makusudi ili awapelelezee wenzake habari za mzungu. Huo ndio ujemedari wenyewe. Alipigiwa makofi marefu. Mama ndiye aliyepiga zaidi.

Baada ya mazishi nilimpelekea shosho chai, nikingoja shukrani.

"Umesema vizuri, kijana. Lakini mimi pia nilikama."

"Wewe?"

"Siku ya kwanza ya mgomo. Niliogopa. Wenzangu wawili walisimama langoni peke yao tangu asubuhi; mimi nilijiunga nao kesho yake. Walishakufa, hakuna anayewataja. Waandike wao kwanza, halafu mimi, na uoga wangu uuweke."

Nilikuwa nimemwaibisha mama mbele ya kijiji kizima kwa ajili ya ukweli. Sasa nilitamani shosho angenyamaza tu, anywe chai.