Gari Alilolijua Mina

Khairat alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Dunda, na alikuwa na wateja wake tangu kabla hajaolewa. Abdulwahab alipomposa alikuwa tayari na mke, Mina, aliyeishi upande wa pili wa mji wa Bagamoyo, na gari dogo jeupe lililokwisha kuchoka. Khairat alikubali uke wenza akijua anachokubali. Siku za zamu yake zilikuwa zake, na hilo lilimtosha, mpaka walipofunga safari kwa lile gari.

Walikuwa wanakwenda Mkange kwa shangazi yake Abdulwahab, ambaye hakuwahi kumwona mke mpya. Khairat alijishonea gauni la kijani kwa ajili ya siku hiyo. Walipotoka mjini alitaka kushusha kioo cha dirisha lake, kikagoma.

"Kisukume kwa kiganja huku unazungusha," alisema Abdulwahab. "Mina hufanya hivyo."

Kioo kikashuka. Khairat akatazama nje, upepo wote ukamwishia utamu.

Kiwangwa, penye meza za mananasi kando ya lami, mshale wa joto ulipanda na mvuke ukaanza kutoka mbele. Abdulwahab aliegesha, akafungua boneti, akasimama akiangalia kama mgeni aliyeingizwa jiko la watu. Kisha akapiga simu. Khairat hakuhitaji kuuliza anampigia nani, maana alimsikia akiita, "Mama Sufiani." Mina akamweleza kwamba feni ndiyo iliyogoma, asubiri ipoe kabla ya kugusa rejeta, kuna waya umelegea nyuma ya betri, aukaze. Abdulwahab aliitikia kila neno kwa upole ambao Khairat alidhani ni wa nyumbani kwake tu. Mwishoni akacheka, cheko fupi la watu wawili wanaokumbuka jambo moja.

Khairat alimuuliza kilichomchekesha. Akajibu kuwa ni mambo ya zamani tu, waliwahi kukwama hivyohivyo wakienda Tanga.  Tangu hapo hadi Msata kila kitu ndani ya gari kilimuudhi Khairat: kiti kilichobonyea kwa uzito wa mwingine, mkono wa mumewe ukigonga dashibodi taa zisipowaka. Miaka yote ya Mina ilikuwa humu, na yeye alikuwa abiria.

Msata walishuka kunywa chai. Waliporudi gari halikuwaka hata kidogo. Abdulwahab akatoa simu tena, na kabla hajapiga, Khairat akanyoosha mkono.

"Nipe mimi," alisema. Akapiga mwenyewe. "Shikamoo dada Mina. Ni Khairat. Gari haliwaki."

"Marahaba," alijibu Mina. Alimwelekeza: stata iko chini, upande wa abiria, aigonge kwa spana taratibu huku Abdulwahab akizungusha ufunguo.

Khairat alitandika kanga, akalala chini mbele ya madereva wa malori, akagonga. Mara ya tatu injini ikaunguruma. Alipoishika simu tena, Mina bado alikuwepo.

"Mnakwenda wapi?"

"Mkange. Kwa shangazi."

"Mimi hajanipeleka huko tangu Sufiani aanze shule," alisema Mina. "Umevaa nini?"

"Gauni jipya. La kijani."

"Haya. Msalimie," alisema, akakata.

Khairat alirudi kitini akiwa na vumbi mgongoni na furaha ambayo hakuipenda sana, lakini hakuifukuza. Walipofika Mkange, shangazi, alipokwisha kuitikia salamu, kitu cha kwanza alichouliza ni hali ya Mina. Khairat alijibu kuwa hajambo, amezungumza naye leo. Akaachia hapo, akaenda kuosha mikono.

Siku hizi Khairat anajua kuendesha. Alimbana mumewe mpaka akamfundisha, jioni baada ya jioni, kwenye uwanja wa mpira. Mina humpigia mara mojamoja kuuliza kama feni inazunguka, naye humjibu kwa heshima kwamba inazunguka. Mwezi uliopita gari lilianza kuzima kila likishika kona ya kushoto. Khairat amegundua namna ya kulizuia lisizime, kwa mguu na klachi. Hajamwambia Mina.