Mzee Thadei Aingia Mji wa Watu

Ungemwona Mzee Thadei akipanda basi Tottenham na kofia yake ya sufu, ungesema ni babu tu wa watu, kaletwa Ulaya kulea wajukuu. Kumbe huyo ndiye aliyeingia pori la Biharamulo na kaya saba, wakati mbung'o walikuwa wengi kuliko watu, akaanzisha kijiji cha Itundwa. Moto wa kwanza aliuwasha yeye. Kila aliyehamia baadaye alikwenda kwake kuomba kijinga cha moto, ndipo ahesabiwe mwenyeji. Siku za kudai uhuru zilipofika, akawa mwenyekiti wa tawi la TANU, akafungwa miezi mitatu kwa kuhutubia bila kibali cha Bwana DC.

Mwaka 1986 alifiwa na mkewe, na binti yake Restuta akamleta London. Huku mzee akanyong'onyea. Ghorofa ya sita, wajukuu wanamjibu kwa Kiingereza, sahani inarudi jikoni na chakula. Restuta, mtoto mchanga mgongoni, akahangaika mpaka akampatia kishamba, katika vile vinavyokodishwa na kaunsili, halmashauri ya mji, nyuma ya reli. Wiki ile ile baba akaomba aongezwe ugali. Restuta hakujua ashukuru wapi. Akamshukuru Mungu, na kaunsili nayo.

Jumamosi ya tatu mzee akafyeka magugu, akayarundika, akayatia moto, kama afunguavyo mtu shamba jipya. Moshi ukatanda mtaa mzima, gari la zimamoto likaja. Wenye vishamba wakaitisha mkutano: anyang'anywe.

Siku ya mkutano, mchana, Kailash akapita nyumbani. Yeye ni Mhindi mzaliwa wa Mwanza, mwenye duka, na ndiye katibu wa vishamba.

"Shikamoo, mzee. Leo omba radhi tu, maneno yaishe."

"Marahaba. Sikumwomba kibali Bwana DC, nije kumwomba mwenye kabichi?"

"Baba!" Restuta alisema.

Kailash akacheka. "Mwache, dada, bado yuko jukwaani." Kisha akamgeukia mzee. "Hebu niambie. Bwana DC alikukuta Itundwa, au wewe ulimkuta?"

"Alinikuta! Nilikuwa nimekaa pale miaka minne."

"Haya. Sisi ndio uliotukuta. Yule bibi Mwingereza wa kishamba cha mwanzo analima pale tangu vita vya pili vya dunia viishe."

Mzee akasugua goti. Alilisugua muda mrefu, mpaka Restuta akaogopa kuwa ameumia.

"Mwanangu," akamwambia Kailash mwisho, "nimeingia mji wa watu bila kuomba moto."

Mkutanoni alisimama, akavua kofia, akayasema hayo hayo. Kailash akatafsiri, pamoja na habari ya kuomba kijinga cha moto. Wengine walinuna. Kura zikapigwa: mikono saba aondoke, tisa abaki. Wa kwanza kunyoosha mkono ili abaki alikuwa yule bibi.

Restuta alilia hadharani, akacheka, akamnyonyesha mtoto pale pale kwenye kiti.

Kesho yake asubuhi mzee hakugusa jembe. Alikwenda akasimama mlangoni pa kishamba cha bibi, akapiga hodi, akangoja. Bibi hakujua maana ya hodi, ila alimfungulia, akamwekea kiganjani mbegu za maharage. Mzee akazipokea kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo. Kisha akaenda kupiga hodi kishamba cha pili.