Kigelegele cha Pili

Ilikuwa mwaka elfu mbili na saba. Hapana, nimekosea, ni mwishoni mwa ule wa sita, maana Ibtissam alikuwa ndiyo kwanza amemaliza sekondari, na chuo cha uuguzi kimemrudisha kwa kuwa si raia. Msichana kazaliwa Sale, kakulia Sale, hata kugombana anagombana kama watu wa Sale. Lakini baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa Msiria, na sheria ya Moroko ilifuata upande wa baba.

Mama yake, Rqia, aliyekuwa akiuza mikate ya msemen sokoni, akasikia redioni kwamba kuna muswada wa kuwawezesha akina mama nao kuwarithisha watoto uraia. Siku ya kura akaacha unga kwenye sinia, akavuka mto hadi bungeni Rabat, akaketi juu kwenye viti vya wageni. Chini wakabishana wee, kisha mikono ikanyanyuliwa, ikatangazwa kwamba muswada umepita.

Rqia hakujijua. Akapiga kigelegele, kile cha harusini, kirefu. Wabunge wakainua vichwa.

Mhudumu wa ukumbi, Si Larbi, yaani Bwana Larbi, akapanda ngazi akihema. "We Lalla, we mama! Hapa bungeni au kwa bibi harusi?"

"Si umepita, kaka?"

"Umepita nusu! Bado baraza la pili. Huko kuna kamati yake, wataupekua kama mama mkwe anavyopekua sanduku la mahari. Wakibadili neno moja, unarudi huku. Wakiuacha, mfalme atie muhuri, halafu uchapwe kwenye gazeti la serikali. Nenda kapike."

Kumbe majirani walikuwa wameshakunywa maziwa na kula tende za furaha. Wakamsakama wiki nzima: "Rqia, huyo raia wako ni nusu ya juu au nusu ya chini?"

Alicheka nao, lakini usiku hakulala. Kulikuwa na kifungu cha watoto waliokwisha kuzaliwa, na ilisemekana wapo wanaotaka kitolewe. Kikitolewa, sheria itawafaa watoto wachanga tu. Ibtissam alikuwa na miaka kumi na tisa.

Siku ya baraza la pili Si Larbi alimsubiri mlangoni. "Lalla, leo mdomo wako ni amana."

Rqia akajaza ncha ya mtandio mdomoni. Kifungu kikasomwa. Akafumba macho. Alipoyafumbua, mikono ilikuwa juu, na hakuna neno lililoguswa. Machozi yakamtiririka, mtandio ameung'ata.

Ndipo kigelegele kikapaa, kirefu kuliko chake, kutoka kule chini kwa waheshimiwa. Si Larbi akapanda mbio, akamkuta Rqia mdomo umejaa kitambaa. Alipochungulia chini, aliyepiga ameshafumba mdomo, ila Rqia alikuwa amemwona.

Muhuri ukatiwa, gazeti likatoka. Si Larbi mwenyewe alilileta sokoni. Ibtissam akamsomea mama yake kifungu kile, akarudia, na Rqia akaketi juu ya gunia la unga akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mwaka uliofuata binti alivaa koti jeupe la chuo cha uuguzi.

Si Larbi akawa mteja wa kila Ijumaa. Asali ikimchuruzika vidoleni, huinama karibu na kikaango:

"Lalla Rqia, nakuomba kwa jina la Mungu. Siku ile, kule chini, alikuwa nani?"