Nilifunga mtandao wa kubana umeme Kabungu, shangazi akanitii kupita kiasi

Wakuu, heshima yenu. Hili sikusimuliwa, limenikuta mwenyewe na bado linaniwasha, so nivumilieni.

Mimi ni fundi mitandao, naishi Mpanda mjini. Tuna mradi wa kujaribu mtandao wa kesho, ule wa kula umeme kidogo. Nikafunga kisanduku cha sola kijijini Kabungu, kwa shangazi yangu. Kinashusha data mara moja tu, kinairushia simu ya jirani, nayo inairushia nyingine, hivyo hivyo hadi kijiji kizima. Mnara unapumzika. Nilijiona kichwa kweli.

Kwenye semina nikawaambia wanakijiji, "Umeme ni mali, tutunze chaji!" Wakapiga makofi. Shangazi, mama Nepo, alipiga kuliko wote.

Jumatatu bwana shamba akatuma taarifa: viwavijeshi wameingia, kagueni mahindi leo leo. Nikairusha.

Kwenye laptop naona simu tatu tu zimepokea, kijiji kizima.

Mchana, tatu. Jioni, tatu. Nakaa, nasimama, chai imepoa. Nampigia shangazi, hapatikani. Ana eka moja, na ndiyo chakula chake cha mwaka mzima. Bosi anasema tulia, mfumo utachangamka. Nitulie vipi?

Alhamisi bado tatu. Nikadandia boda.

Nilimkuta shambani anafunua majani. Nusu ya mahindi yameshatafunwa moyo.

"Shangazi, simu iko wapi?"

"Iko kwenye sanduku la nguo, nimeizima. Si wewe mwanangu ulisema tutunze chaji? Karibu wote tumezima. Tunawasha Jumapili tukitoka kanisani."

Wakuu, niliona aibu, nikavua viatu nikaingia shambani. Tukaokota viwavi kwa mikono na kutia majivu, nusu iliyobaki ikapona.

Kisanduku nimekihamishia kwenye kibanda cha kuchajia simu. Pale simu zote hupita, na mwenye kibanda huziwasha. Zinapata chaji na taarifa kwa pamoja.

Funzo nililopata: ukihesabu umeme wa mtandao wako, hesabu na ule wa simu ya mtu wa mwisho. Mimi niliusahau.

Haya, nyie wa vijijini, kwenu simu huwashwa saa ngapi? Tiririkeni, hata kunisema ruksa.

Mimi kila asubuhi nampigia shangazi. Hapatikani. Bado ananitii.